Boi Kota ya Mwanangu

Jumatatu, 6 Machi 1972

Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida. Chai, mkate. Kiberiti kimelowa tena. Nimefagia mbele ya mlango wangu. Hii boi kota, nyumba ya watumishi nyuma ya ile kubwa, ina vyumba viwili na choo. Nalala hiki cha kushoto, kile kingine ni cha mkaa na jembe. Nyumba kubwa silali. Kwetu Bungoma baba mkwe halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe.

Nyumba kubwa ni ya Wafula, mwanangu. Vyumba vinne. Bafu la kijani, maji moto yanatoka ukutani. Hapa Loresho, uzunguni, ambapo zamani mimi nilipita na kipande cha mkoloni shingoni. Amenunua akiwa na miaka ishirini na sita. Ana digrii. Nani alimsomesha? Mimi, na sufuria. Miaka thelathini na miwili nimepikia wazungu. Pudini yangu hakuna mtu aliiweza Nairobi nzima. Hata leo hayuko.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya kanisa nilikwenda Parklands kwa Makokha. Yeye ni mpishi kwa Mhindi. Nikamweleza lile bafu tena. Hajawahi kuona bafu la kijani. Nilifurahi sana.

Ijumaa, 31 Machi

Wafula amekuja na karatasi ya hesabu. Benki inachukua karibu nusu ya mshahara wake, na itachukua hivyo miaka kumi na mitano. Nikamwuliza, nyumba ni yako au ya benki?

"Ni yangu, Baba. Lakini iko rehani."

Rehani naijua. Rehani ni saa ya mkono, unampelekea mwenye duka siku umekosa unga. Ukipata pesa unaenda unaichukua. Mtu haweki rehani kitu ambacho hajamaliza kununua. Kijana amesoma mpaka akili imechoka.

Halafu akatoa la pili. Nyumba kubwa ameipangisha kwa mzungu, mhandisi wa maji. Yeye na mkewe watahamia huku boi kota, kile chumba cha mkaa. Miaka mitatu tu. Kodi yote iende benki, deni liishe mapema. Anasema watu wenye akili wanafanya hivyo.

Nilitema mate nje.

Jumamosi, 8 Aprili

Wamehamia. Sasa ni paa moja. Ukuta katikati ni tofali moja tu. Namsikia Mwende akikohoa. Namsikia akimwaga maji. Namsikia akimwita mumewe majina ya kitoto. Mwiko kila upande.

Mwende ni Mkamba wa Machakos, nesi. Asubuhi aliniletea chai, akanyoosha mkono anisalimu. Nikaweka mikono yangu nyuma.

"Baba, hayo mambo si yalikwisha?"

Kwetu hayajaisha. Chai niliimwaga kwenye maua akiwa anaona.

Wafula akaja. Kama ni paa linanisumbua, atanipangia chumba Kangemi. Kizuri, cha simenti. Mimi nitoke Loresho niende Kangemi? Sitoki. Watoke wao.

Jumapili, 16 Aprili

Makokha amejua. Sijui nani alimwambia. Watu walikuwa wamejaa nje ya kanisa. Akasema kwa sauti:

"Mzee mwenzangu, ile digrii ya mwanao inasomewa wapi? Na wangu nataka asomee kulala boi kota."

Walicheka wote. Mwinjilisti alificha mdomo kwa Biblia.

Nimelala boi kota miaka thelathini na miwili ili mtoto wangu asilale humo hata siku moja. Nilirudi kwa miguu kutoka kanisani. Mzungu lazima atoke.

Jumatano, 19 Aprili

Nimeanza kazi. Mzungu hana mpishi, anakula vitu vya mkebe. Nikajitolea kumpikia. Supu, kuku, pudini. Akaomba pudini mara ya pili. Nilipoona ameshiba nikamwambia, kwa kile Kiingereza changu cha jikoni. Hii nyumba si ya Wafula, ni ya benki. Benki inakuja. Vitu vyako vyote watatupa barabarani, hata kitanda.

Akaweka kijiko chini.

Ni uongo. Niliutengeneza mwenyewe wakati nachapa mayai. Umeingia vizuri.

Jumanne, 2 Mei

Mzungu amehama. Ofisi yake ilikuwa imelipa kodi ya miezi sita mbele, sasa wanataka irudi. Wafula aliipeleka benki yote, siku ile ile aliyoipokea. Ati inapunguza riba. Benki hairudishi.

Akaniuliza kama nilimwambia mzungu neno. Nikasema nilimpa pudini.

Yeye na Mwende wamerudi nyumba kubwa. Paa ni langu peke yangu. Nimeshinda.

Jumapili, 7 Mei

Nimemleta Makokha aone bafu. Akavua viatu mlangoni. Mwende alikuwa ndani anaoga. Nikamwambia Wafula amtoe haraka, mgeni anangoja. Akatoka amejifunga shuka, sabuni bado shingoni. Mimi niligeuka pembeni, desturi ni desturi. Makokha akafungua bomba la moto, akalifunga, akalifungua tena. Siku njema.

Alhamisi, 13 Julai

Hakuna mpangaji. Wazungu wameambiana. Wafula ameweka tangazo gazetini mara tatu, anayekuja anauliza habari ya benki halafu haonekani tena. Nusu ya mshahara inakwenda benki, nyingine inakwenda ile ofisi ya mzungu. Wanakula mshahara wa Mwende. Na Mwende ana mimba, karibu ataachishwa kazi. Redio imeuzwa. Kabati limeuzwa. Wanaoga maji baridi, umeme ni ghali.

Wafula amejua. Alikwenda mwenyewe kwa yule mhandisi, akaambiwa yote, na pudini.

Alikuja akasimama mlangoni kwangu, na tai shingoni.

"Baba, nenda tu umwambie ulidanganya. Ameniahidi, akilisikia kwako mwenyewe anarudi. Neno moja."

Sijawahi kumwomba mzungu msamaha, hata siku nilipounguza bata wa Krismasi. Nikamwambia hivyo.

"Nitaipoteza nyumba."

Nikamwambia mwenye digrii hapotezi nyumba kwa maneno ya mpishi. Akalia. Mwanamume mzima. Nilimtazama mpaka akamaliza, halafu nikaendelea kuchambua maharage.

Jumatatu, 9 Oktoba

Barua ya benki. Ya tatu. Nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, kwa hiyo jina na tarehe nilizisoma bila taabu. Mengine ni Kiingereza. Mwende aliisoma kwa sauti jikoni, nikamsikia nikiwa nje. Hakulia. Alianza kukunja nguo.

Ng'ombe wangu wanne wako nyumbani Bungoma. Hakuna aliyeniomba hata mmoja. Wangeniomba ningekataa, lakini wangeniomba.

Ijumaa, 24 Novemba

Mnada. Watu wamesimama kwenye majani ya mbele, wamevaa suti. Mwenye kuuza alipiga kelele kidogo, halafu ikaisha. Haikufika nusu saa. Aliyenunua hakuingia hata kutazama bafu.

Vitu vya Wafula viko barabarani. Kitanda nacho. Nilisimama nikakitazama. Kilikuwa kimewekwa vile vile nilivyomwambia mzungu.

Wafula alinipita kama mti. Mwende alikuja mpaka kwangu, tumbo mbele. Nikadhani atanyoosha mkono. Aliweka mikono yake nyuma.

"Kwaheri, Baba. Sasa hakuna paa."

Mkokoteni ukaondoka kuelekea Kangemi. Mimi hakuna aliyeniambia nitoke. Nikaingia chumbani kwangu.

Jumapili, 11 Februari 1973

Nimeamka saa kumi na moja. Chai, mkate. Mvua imenyesha kidogo.

Bwana mpya ni mtu mkubwa wizarani. Alinikuta hapa siku ya kwanza, akauliza mimi ni nani. Nikasema ni mpishi wa hii nyumba. Nikampa pudini. Ameniandika kazi. Chumba ni bure.

Makokha alisema kanisani kwamba Mwende amejifungua mtoto wa kiume, Kangemi, chumba kimoja. Mimi sikuitwa. Makokha hakucheka. Ningependa angecheka.

Nimeandika barua nyumbani. Nimewaambia bado niko Loresho, nyumba ile ile. Hilo ni kweli, mtu yeyote anaweza kuja kutazama.

Kila Jumamosi nasugua bafu la kijani. Linang'aa kuliko lilivyokuwa kwa Wafula.

Kile chumba kingine kiko tupu. Asubuhi nilikohoa, nikangoja kidogo, sikio ukutani. Halafu nikaenda kuchemsha maji ya bwana.