Mwenye Nyumba Hasindikizwi

Neema mjukuu wangu,

Huku Kibara hatujambo. Goti langu linanisumbua, lakini kanisani nafika. Mama yako anakusalimu, ameanza kuvuna pamba.

Umeuliza kama uende na mumeo hadi Namanga, avuke akaombe kibali cha kuishi huku nawe, au umsubiri Arusha kazini.

Babu yako naye alikuwa Mkenya. Tulipooana aliambiwa avukie Sirari, akaombe kibali kama hicho kwao, ndipo arudi. Nilitaka kumsindikiza mpaka stendi ya Bunda. Mama yangu akanikataza: "Anayesindikizwa ni mgeni. Huyu mwenye nyumba, atarudi." Ndivyo tulivyokuwaga. Nikamuaga jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo, akacheka akaondoka.

Aliugua hukohuko, wakamzika kwao, mama yako akiwa bado tumboni. Kibali kilitoka baadaye.

Mama yangu simlaumu. Lakini wewe nenda, Neema. Vuka naye kabisa. Wakikuuliza kwa nini unamsindikiza mwenye nyumba, waambie ni bibi yako kakutuma.

Bibi yako