Jina Alilonipa Mwalimu wa Fizikia

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena. Mwalimu wa fizikia alisimama kando ya dawati langu, akapunga mkono mbele ya uso wangu kama anayefukuza moshi. "Ukungu, umetufikia?" Darasa zima: "Bado!" Wameshazoea, hawangoji hata amalize.

Ni kweli nilikuwa nimetoka kidogo, kwa mawazo tu, kupitia dirishani. Uwanjani kuna dimbwi, na mbingu ilikuwa imelala ndani yake chali. Nikawa najiuliza, mtu akilikanyaga ataanguka hadi wapi? Lakini swali la mwendokasi nilikuwa nimeshalimaliza! Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Hakulitazama.

Alhamisi, 6 Juni

Karatasi za mtihani zimerudi. Sabini na nane! Yangu aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye mwanga. Eti ukungu haushiki kalamu, sasa nani alikushikia? Wakacheka. Nami nikacheka — usipocheka, anaendelea. Jirani yangu wa dawati hakucheka. Alinibana kidole chini ya meza, basi.

Huyu mwalimu hampigi mtu. Wazazi wanampendea hilo.

Jumanne, 11 Juni

Sikunyoosha mkono. Jibu nilikuwa nalo. Nililiweka mdomoni kama pipi mpaka likayeyuka.

Jumamosi, 15 Juni

Mama anasema aliniita mara tatu kutoka jikoni. Nilisikia. Ila nilidhani anamwita mtu mwingine. Jina zuri, nikawaza, sijui la msichana gani.

Mdogo wangu — yuko kidato cha kwanza pale pale kwetu — akapaza sauti kwa mzaha: "We Ukungu!"

"Abee!" Papo hapo.

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Ukungu ndiye nani?"

Mdogo wangu akamwaga yote. Hata cha kwanza wanalijua jina hilo! Eti wakiniona kwenye ngazi wanapapasa hewani, wakijifanya hawaoni njia. Mimi sikuwahi kuwaona. Huwa natazama miguu yangu — siku hizi naiona iko mbali sana, kama ya mtu aliye chini ya maji.

Nilijua mama atasema vumilia mwanangu, mwalimu ni mzazi. Ndivyo alivyo, mpole kupita kiasi. Akijigonga kwenye kiti, anakiomba radhi kiti! Lakini hakusema hivyo. Alizima jiko, wali ukiwa bado na kiini, akaja akaniegemeza kichwa tumboni pake. Mle ndani kulikuwa kunanguruma, taratibu, kama mvua ya mbali. Akaliita jina langu. Akangoja. Akaliita tena, kwa sauti ya kumwamsha mtoto mchanga.

Mara ya nne nikaitika.

Jumatatu, 17 Juni

Benchi la nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Mama yuko ndani, kavaa gauni lake la kwendea harusini. Mwalimu wa fizikia naye yumo. Mlango haufungi vizuri, kila kitu kinasikika.

Mkuu anasema huyu ni mwalimu hodari, ufaulu wa wanafunzi wake kila mtu anaujua. Mwalimu anacheka polepole. Sauti yake nzuri jamani, kama ya redioni. Eti ni utani tu huo, mama, mabinti wa siku hizi wepesi kuumia, yeye anawachangamsha wasilale. Kwani amewahi kumgusa?

Nasikia mama akiweka mkoba wake mezani.

Mwanga wa korido unatambaa sakafuni, mweupe kama maziwa. Nikaanza kwenda nao —

Kisha mama. Sauti ndogo, haitetemeki:

"Sawa, mwalimu. Kama ni utani, nitanie na mimi. Hapa hapa, mkuu akisikia. Nipe jina."

Kiti kimelia. Mkuu amekohoa.

Nimesimama, naandika nimeegemea ukuta. Nasikia feni tu.

Bado mwalimu hajasema kitu.