Ovaroli Ndani ya Tuta

Katandala,
Sumbawanga.
16 Juni, 2024.

Mpendwa kaka Wilibrodi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima huko Morogoro, wewe na wifi Tereza pamoja na watoto. Goti la wifi linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia asiipake juu ya kidonda, maana namjua kwa haraka zake. Sisi mwili ni mzima. Baridi imeshatukalia, Mama anaota jua tangu asubuhi akiwa na makoti mawili. Ulezi tumeshavuna, mahindi bado yanakauka shambani.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu naiogopa, kaka. Mama haketi mbali nami, na masikio yake ni mazima kuliko macho. Haya ninayokuandikia sitaki ayasikie yakitoka mdomoni mwangu. Ndiyo maana nampa jirani yetu Alphonce, anayesafiri kesho kuja huko.

Ni habari za mpwa wako Sharon. Unakumbuka duka la mzee Loth lilivyoungua mwaka juzi, na binti yake Bertha akafia ndani. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo ukutani, lakini hakuna aliyejua kuchomoa pini yake, na hata wangejua, ulikuwa umeisha presha siku nyingi. Watu wakawa wanamwaga maji kwenye nyaya za umeme. Sharon alikuwa miongoni mwa waliobeba ndoo. Tangu hapo akasema anataka kusomea mambo hayo, na kweli akaingia chuo cha ufundi. Wanafundishwa kufunga vifaa vinavyonusa moshi, kengele za hatari, mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe, na kukagua mitungi. Sasa amebakiza mafunzo ya vitendo tu. Julai mosi anatakiwa aripoti kwenye ghala moja la mafuta kule Kasanga, na asipokwenda hapati cheti.

Chuoni kozi hiyo inaitwa kinga ya moto. Lakini unamjua shemeji yako Adolfu, habari njema hailali tumboni mwake. Sharon alipokuja likizo na ovaroli yake nyekundu, baba yake alimshika mkono akampeleka mpaka kwa Mama na kutangaza, "Mama, mjukuu wako sasa ni zimamoto!" Sote tukacheka. Mama aliweka chini kikombe cha uji, akaingia chumbani. Tangu siku ile hataki Sharon atoke hata kwenda dukani. Akichelewa kidogo, Mama anasimama getini na fimbo yake mpaka amwone. Tukasema ni uzee.

Kisha ovaroli ikapotea. Sharon aliifua akaianika, jioni haipo kambani. Mimi nilimrukia mpangaji wetu Nestory kwa maneno ambayo mpaka leo naona haya akinisalimia. Ijumaa nikaenda kuchimba viazi nyuma ya nyumba, jembe likagonga kifungo. Ilikuwa ndani ya tuta, imekunjwa vizuri, imefunikwa majani na udongo juu yake, vile vile tunavyofukia majani shambani badala ya kuyachoma. Nikajua ni mkono wa nani, maana hapa kwetu hakuna mwingine anayejenga tuta safi namna ile. Sharon alicheka, akasema bibi kafanya vizuri kutoichoma, kitambaa chenyewe hakishiki moto. Mimi kicheko kilinikataa.

Nilimwendea Mama na udongo wangu mikononi na hasira zangu. Nilijua ataniletea zile hadithi za zamani, kwamba wazimamoto walikuwa wakinyonya watu damu. Kumbe yeye hajawahi kuziamini. Aliitazama ile ovaroli, akasema, "La Wilibrodi tulichelewa kulificha."

Kaka, yule mjomba uliyepewa jina lake hakufa kwa homa. Alikuwa ameajiriwa kuzima moto kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani na koti lake la kazi. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa majivuno kwamba yeye ni zimamoto. Enzi hizo, masikioni mwa watu, zimamoto alikuwa ndiye mnyonya damu. Walimpiga njiani akitoka misa ya Jumapili, watu aliowajua kwa majina, mpaka akafa. Mama alikuwa mtoto mdogo. Anasema aliona koti linarudi bila mwenyewe. Babu alilifukia kwenye tuta, wakapanda ulezi juu yake, na ikawa mwiko kulizungumzia. Miaka yote hii Mama amekuwa akikuita kwa jina hilo tangu asubuhi hadi jioni, na sisi hatukujua lolote.

Ningeweza kujiambia kwamba hayo ni ya kale. Lakini Minza, anayesoma na Sharon, amenieleza jambo ambalo mwanangu alinificha. Mwezi uliopita walikwenda kijiji kimoja cha bondeni kuwaonyesha watu namna ya kutumia mtungi. Ulipofyatuka, poda ikatanda kama wingu, na mtoto mmoja akaanguka kwa hofu. Vijana wakawazingira wakiuliza wametumwa na nani na wamemfanya nini mtoto. Wengine walishashika fimbo. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewatoa pale.

Tangu nisikie hilo usingizi umenipaa. Naogopa, kaka, na sioni aibu kukuambia. Nikimzuia Sharon nimemkata miguu, nikimwacha nitakuwa nashtuka kila pikipiki inaposimama nje. Adolfu anasema nakuza mambo, ila na yeye amekuwa kimya tangu Ijumaa, na kwa Adolfu huo ni ugonjwa.

Sharon mwenyewe hajatikisika. Jana alikaa na bibi yake pale juani akamweleza habari za Bertha, kwamba alimsikia akigonga dirisha, na yeye alikuwa nje na ndoo mkononi. Hilo hakuwahi kutuambia hata sisi wazazi wake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa masharti. Njiani asiivae ovaroli, aiweke chini kabisa ya begi, na watu wakimuuliza aseme yeye ni fundi. Na habari ya kufika kwake hataki kuisikia kwangu wala kwa Adolfu. Alisema, "Sitaondoka getini mpaka Wilibrodi aniambie amefika."

Namna alivyolitaja hilo jina, kaka, sikujua ni wewe au ni yule mwingine.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Sharon akishuka Kasanga atakupigia wewe kwanza, na wewe umpigie Mama. Usimtanie siku hiyo, wala usimuulize ya mjomba mpaka aanze mwenyewe. Taja jina lako, kisha mwambie amefika. Nakuomba sana.

Wifi mpe salamu zangu nyingi. Steven mwambie shangazi yake ameshamwekea ulezi wa uji, na Mary asiache shule kwa kisingizio cha mafua. Adolfu na Sharon wanakuamkia. Mama angekusalimu, ila hajui kwamba naandika. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na huyu wetu anayesafiri amfunike mara mbili.

Julai mosi usizime simu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na jina lako,

Hellena