Hakuna Aliyekufa, Tumekuja Kuangalia

Mama yangu uliyelala kule juu milimani,

Nakuandikia nikiwa bado na vumbi miguuni, na hasira haijanitoka. Leo tulitaka kwenda Mutarule, mimi na mdogo wangu Feza, pamoja na mjomba. Hatukufika. Lakini usinionee huruma kabla hujanisikia.

Ni wewe uliyetuambukiza maradhi haya ya matembezi. Jumapili baada ya misa, mama wengine wa mtaa wetu wa Kimanga walisukana nywele, walilala, walisengenyana kidogo. Wewe ulifunga sufuria kwa kitambaa, ukamtwika Feza mkeka, ukanipa mimi kibuyu cha maji, tukaondoka. Huku kwetu mtu haendi mbali bila sababu. Anakwenda kuuza, kununua, kuposa, au kulia msiba. Kwenda ili macho yaone tu, hilo majirani walilikataa kabisa. Walikuuliza kama umepoteza mbuzi. Uliwajibu kwamba ungekuwa na mbuzi ungekwenda naye.

Unakumbuka siku ile ya kwanza ya Mutarule? Nacheka hata leo, pamoja na yote yaliyotupata. Mtu alikuwa amekuambia kwamba ukisimama kule katikati ya uwanda wa Ruzizi, unaona milima ya pande zote mbili kwa mara moja, ya kwetu na ya Burundi. Tukapanda lori la pamba, tukashushwa pale tumejaa vumbi, na vitambaa kichwani, na sufuria na mkeka. Wanawake wa kijiji walitutazama mara moja tu. Mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia. Wa pili akapokea, wa tatu akajitupa chini. "Yoo! Ni nani? Ni nani amekufa?" Feza akaogopa, naye akalia, na hapo ikawa wamethibitisha. Ilibidi upande juu ya gogo ndipo usikike.

"Hakuna muntu amekufa! Tumekuja kuangalia tu!"

Bibi mmoja akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Kuangalia nini?"

"Milima yenu. Iko mizuri."

Wote waligeuka wakaitazama, kana kwamba imeletwa asubuhi ile. Walitununia kidogo kwa machozi waliyoyapoteza, halafu wakatuchomea mahindi. Tulikula tumekaa kwenye mkeka wetu, milima huku na milima huku, nawe ulifurahi mpaka ukasahau kula.

Na mwaka wa uhuru, ile bustani ya wazungu kando ya ziwa! Tulizoea kuipita mbio, kwa sababu mlinzi alikuwa na fimbo. Jumapili ya kwanza uliingia umevaa kitenge kipya, ukakaa kwenye benchi lao, ukajipinda huku, ukajipinda kule, ukainuka. "Kumbe hii ndiyo walikuwa wanatunyima? Inaumiza mugongo." Ukatandika mkeka mbele ya benchi, tukala bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, tukitazama maji. Karani mmoja, mwafrika mwenzetu, alikuja akakuambia kwamba hapa si mahali pa masufuria.

"Uhuru iko wa nani, baba?" ulimuuliza.

Alikwenda zake akirekebisha tai yake, nawe ukaniongezea ndagala.

Kisha ukaja uasi, na njia zako zikafungwa moja baada ya nyingine. Bustani ikawa kambi, mabenchi yakawa kuni. Tukakimbilia milimani, kwa wafugaji waliotupa kibanda na blanketi. Kifua kilikuwa kimeshakukaba, lakini kila asubuhi ukungu ulipoondoka ulituomba tukukalishe mlangoni. "Muniinue, niangalie." Ziwa lilikuwa chini kule, nawe ulilitazama mpaka macho yakachoka.

Tulikuzika midomo imefungwa, mama. Sauti ya kilio inafika mbali milimani, na hatukujua itaingia masikio ya nani. Jambo hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwanamke mwenye sauti kama yako alifukiwa kimyakimya, kama kitu cha wizi.

Sasa tumerudi mjini. Kwenye njia ya uwandani wameweka kizuizi, mti umelazwa barabarani na askari wamesimama. Wanaruhusu wanaokwenda mashambani na wanaokwenda msibani. Mjomba aliniambia njiani, "Weye sema tunaenda kwa kilio. Si uongo. Mama yako hakuliliwa." Alisema kweli, na nusura nikubali.

Askari alitazama sufuria, akatazama mkeka. Hakuhitaji kuelezwa. "Nani amekufa?"

Mjomba alifungua mdomo. Mimi nilimtangulia.

"Hakuna muntu amekufa. Tumekuja kuangalia tu."

Mjomba akafumba macho.

"Kuangalia nini?"

"Milima ya Mutarule."

"Weye iko na kichwa nguvu? Vita iko, na weye unatembea?"

"Minye natembea. Ni mama alinifundisha."

"Hamupite! Muangalie hapa hapa!"

Najua utauliza kwa nini sikutaja kifo chako, wakati mti ungeinuliwa palepale. Mama, kilio chako nimekibeba tangu milimani bila kukitoa. Sitakitoa kwa askari ili anifungulie njia. Tena wameifanya hali iwe hivi, kwamba katika mji huu sababu pekee ya mtu kutembea ni kifo. Nakataa. Wewe ulikataa hata kabla ya vita.

Basi Feza, yule mwoga wako, alilishika neno la askari kama lilivyo. Alifungua mkeka akautandika pale pale kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye mti. Tukafunua sufuria, tukala sombe yetu ya majani ya muhogo, iliyokwisha poa. Mjomba alisimama kidogo akilalamika, kisha njaa ikamkalisha. Kutoka pale unaona milima ya upande mmoja tu, ya kwetu. Tukaiangalia. Askari alipiga kelele mpaka akachoka, na tulipokunja mkeka akatuuliza kama tuna akili. Nilimwambia tutarudi Jumapili.

Na tutarudi, mama, Jumapili hiyo na zinazofuata, na jibu langu litakuwa lile lile. Siku moja mti ule utainuliwa. Tutafika Mutarule tumejaa vumbi, na vitambaa kichwani, na sufuria na mkeka. Wanawake wale watatuona, watashika vichwa vyao, wataanza kulia na kuuliza ni nani.

Siku hiyo sitapanda juu ya gogo. Nitawaacha walie.

Lala salama huko juu, uendelee kuangalia.

Ni mimi,
binti yako mwenye kichwa nguvu