Shanta la Mayala au la Maganga

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Askari wote duniani wanapiga picha kifua mbele. Shanta linabebwa mgongoni. Halafu mtu anakuletea picha anasema, fundi, tambua! Nitambue nini — roho yake?

Leo kaja Melania wa Samuye. Kaniwekea mezani shanta la jeshi, turubai limepauka, mkanda mmoja una kiraka cha ngozi. Na picha ya mwaka sabini na nane: ndugu wawili, wamevaa mashanta, kofia zimeshuka hadi puani. Mayala, baba yake. Maganga, baba yake mdogo. Walikwenda wote vita vya Kagera. Akarudi Maganga peke yake, na shanta moja. Anasema walipotezana vitani, na shanta ni lake.

Mama yake Melania kafa Juni. "Amelala peke yake, fundi. Kama begi ni la baba, Jumapili nalizika pembeni yake. Lakini siwezi kuzika begi la mtu aliye hai."

Begi! Miaka kumi na tisa nakata michoro na picha za mashanta magazetini, nabandika daftarini, na Nyahanga nzima bado wanasema begi. Lakini mfiwa hasahihishwi.

Jumanne, 6 Agosti

Daftari halisaidii kitu. Ndugu hao walipewa mashanta ya aina moja, stoo moja. Wachoraji nao waongo: mgongo wanachora vizuri, mikanda wanabuni.

Lenzi yangu iko kwa fundi saa tangu Pasaka. Nimekuza kwa simu. Kiraka hicho hapo! Begani kwa yule wa kulia. Nyuma ya picha kuna maneno ya marehemu mama yake Melania: kushoto Mayala, kulia Maganga. Kwisha kazi. Nimempigia Melania — ni la baba yako mdogo. Kasema asante. Fupi hiyo.

Alhamisi, 8 Agosti

Maganga mwenyewe kaniletea jogoo. Mzee wa miaka sabini, juu ya bodaboda, jogoo kwapani! Hakuuliza nimetambuaje. Mimi nikitambua kitu nataka niulizwe. Mke wangu, Mama Kudra, kamchinja (jogoo, si mzee) kabla sijamaliza kujisifu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mke wangu kachukua ile picha, kaitazama, kacheka. "Baba Kudra, jeshi gani hili linavaa blauzi?"

Vifungo viko upande wa kike. Kwa wote wawili!

Na mimi nilishona mashati miaka kumi kabla ya kuhamia mikoba. Aibu gani hii. Nimempigia Melania kuuliza picha ilitoka wapi. Ya kwanza ililiwa na mchwa. Hii studio waliisafisha upya, maneno ya mama yakanakiliwa nyuma. Basi, huyo bingwa wa studio aliigeuza negativu. Wa kulia ndiye wa kushoto. Shanta ni la Mayala.

Melania kauliza, kwani vipi? Nikasema nauliza tu. Mwoga mimi. Ila nimekula jogoo wa mzee, acha nianze naye.

Jumamosi, 10 Agosti

Samuye. Nimekuja nimelivaa shanta mgongoni. Maganga alikuwa nje anapukuchua mahindi. Nikamweleza vifungo, studio, yote. Hakushangaa. Kasema, geuka.

Nikageuka. Akashika kiraka. "Mayala kashona mwenyewe. Ngozi ya ndama wetu."

Kumbe unajua ni lake, mzee?

"Langu nilimwekea chini ya kichwa. Ungetaka alalie mawe? Hili ndilo nililobeba."

Lakini ukoo mzima unajua hukuwepo alipokufa. Ulisema mlipotezana.

"Sikuwepo alipokufa, fundi. Nilipoondoka alikuwa anapumua." Akarudi kwenye mahindi yake. "Waambie ni langu. Ulishasema mara moja, shida iko wapi?"

Hapo Melania akatokea na ndoo kichwani. Shikamoo baba mdogo, shikamoo fundi. Akaona mgongo wangu. Kwa hiyo umelirudisha la baba mdogo? Au kuna neno jingine? Jana sauti yako ilikuwa na jambo.

Mzee akanitazama. Mimi nikaomba choo. Mwanaume mzima!

Nipo nyuma ya choo naandika, shanta bado ninalo mgongoni. Naitwa. Mara ya tatu sasa, "Fundi!" Ni sauti ya Melania. Mzee haniiti.