Kibali cha Ami Seif

Jumatano, 1 Septemba 1948
Sufuria mbili leo. Moja ya harusi ya Mtongwe, moja ya dukani. Kuni mbichi. Moshi umenitoa machozi mpaka adhuhuri. Ami Seif, mzee wa Kiarabu mwenye duka, kaja mara tatu kuchungulia halwa ninavyoikoroga. Miaka kumi na minne nipo naye na bado anachungulia. Inaniudhi.
Alasiri mteja kamsifu mzee kwa halwa nzuri. Nikamwambia yule mteja wazi wazi kwamba mkono ni wangu, siku hizi mzee anapika kwa macho tu. Ami kasikia. Kacheka. Hata hilo limeniudhi.

Jumamosi, 4 Septemba
Barua ya serikali imeletwa. Ami hajui herufi za Kizungu, nimemsomea mimi. Sheria mpya: kila mgeni anayefanya kazi au biashara nchini sharti awe na kibali. Milango ni miwili. Wa kwanza ni wa tajiri anayeleta mali yake. Wa pili ni wa fundi ambaye kazi yake hakuna mwenyeji anayeiweza. Asiyepita hata mmoja arudi kwao.
Mlango wa kwanza si wetu. Mali ya Ami ni masufuria mawili ya shaba, kanzu nne na bawasiri. Umebaki wa pili.
Kwao ni Maskati. Kaondoka kijana, hana aliyebaki huko. Mkewe kamzika hapa Likoni na kila Ijumaa anakwenda kumsomea. Kaniuliza atarudi kwa nani.

Jumapili, 5 Septemba
Nimeijaza fomu ya maombi. Palipouliza kama yuko mwenyeji anayeweza kazi hii, nikaandika: Hakuna. Nimeandika mwenyewe, kwa kalamu yangu, mimi Bakari. Kalamu nusura itoboe karatasi.

Jumatatu, 13 Septemba
Msiba.
Wazee wa mtaa wa Shika Adabu wamekuja dukani wakiwa na nyuso za furaha. Wamesikia habari za kibali na wamemsaidia Ami bila kuombwa. Wameandikisha barua kwa afisa, wote wametia vidole gumba. Wakanipa nakala niisome. Mzee Seif ni mcha Mungu. Mzee Seif hana deni na mtu. Na Mzee Seif si mchoyo wa elimu: amemfundisha mwana wetu Bakari kazi yote ya halwa, na leo Bakari amempita mwalimu wake.
Barua imekwisha vuka na feri tangu Alhamisi.
Wakakaa wakisubiri shukrani. Niliwapa kahawa. Ami aliwapa halwa. Hakuna aliyethubutu kuwaambia walichofanya, watu wazima wale.
Na yale maneno ya kumpita mwalimu wameyatoa wapi? Kwangu. Hakuna harusi Likoni ambapo sijayasema. Ulimi uliponza kichwa, ila kichwa kinachokatwa si changu.

Ijumaa, 17 Septemba
Jibu limefika upesi mno. Afisa mwenyewe anakuja Jumatano ya tarehe 29. Bakari atapika mbele yake. Akiweza, mgeni hana haja ya kuwepo.

Alhamisi, 23 Septemba
Shemeji yangu amekuja kunipa pole, kisha akaniambia nisiwe mjinga. Mzee akienda zake, duka la nani? Masufuria atayabeba kichwani mpaka Maskati?
Nilimfukuza. Lakini baada ya kumfukuza nilikaa nikalifikiri. Nililifikiri sana. Nililiona jina langu juu ya mlango, rangi ya kijani. Nimeona haya mpaka sikwenda kula chakula cha mchana dukani.

Jumapili, 26 Septemba
Najifunza kuharibu.
Nimepika nyumbani mara mbili. Ya kwanza nilipunguza sukari. Mke wangu Mwanasha akasema hii ndiyo bora, ile ya siku zote inamchoma koo. Ya pili niliacha iliki kusudi. Watu wa nyumba ya pili wakaja na sahani.
Nikaenda kwa Ami. Akanicheka, kisha akanifundisha kukosea kwa utulivu ule ule alionifundisha kupatia. Ukiona imeanza kuwa nzito, acha mwiko. Basi. Halwa kuharibika haitaki ila uache kuikoroga.
Tukajaribu. Ikawa nzito. Nikajiambia acha. Mkono ukaendelea kukoroga. Ami akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu, nami nikakoroga kwa mkono wa pili.
Mzee kakaa chini kachoka. Mimi pia.

Jumanne, 28 Septemba
Nimepika ya dukani ya kesho. Nzuri kuliko zote za mwaka huu. Hasira tupu.
Mwanasha kanikumbusha kwamba wakwe wa Fatuma watakuwepo kesho. Harusi ya binti yetu ni mwezi ujao na wao wamekwisha jitapa Mtongwe nzima kwamba halwa itapikwa na baba wa bibi harusi. Nimemwambia najua. Kaniuliza nitafanya nini. Nikatoka nje kuosha sufuria.

Jumatano, 29 Septemba
Nimefanya.
Afisa kafika saa tatu, kaptura na soksi ndefu, na karani wa kumfasiria. Likoni yote ilikuwa nje ya duka. Wakwe mbele, kwenye mkeka. Wazee wa Shika Adabu wakasimama wakaniombea dua nifaulu. Nikaitikia amin shingo upande.
Nikapima wanga, maji, sukari. Nikawasha. Nikakoroga, saa nzima na zaidi. Samli ikaingia, zafarani ikaingia. Rangi ikaja nzuri, harufu ikaja nzuri, watu wakaanza kunong'ona kwa furaha. Ikaanza kuwa nzito.
Nikaacha mwiko.
Nikatoa leso nikajipangusa uso. Nikaomba maji ya kunywa. Nikayanywa polepole, mafunda madogo madogo. Wanawake wakanipigia kelele nikoroge. Mkwe mwanamume akainuka kwenye mkeka, akakaa tena. Mzee mmoja wa Shika Adabu akaja mpaka sikioni kunikumbusha mwiko, akidhani nimepatwa na kizunguzungu. Nikamshukuru. Harufu ya kuungua ikatoka. Harufu hiyo sijapata kuinusa kwenye sufuria yangu tangu nianze kazi.
Ikapakuliwa. Afisa akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akatafuna. Taya zikashikana. Karani akauliza Bwana anasemaje, na Bwana hakuweza kusema. Akageuka ukutani akakitoa kwa vidole.
Ami Seif akasimama. Akasema, watu wote wakisikia:
"Miaka kumi na minne namfundisha huyu. Kichwa chake kigumu, hakipiti kitu."
Alilisema kwa raha iliyozidi haja.
Afisa akataka kuonja ya fundi mwenyewe. Wakamletea kikapu kidogo cha halwa ya dukani, ile niliyoipika jana. Akala kipande. Akala cha pili. Akamaliza kikapu, akalamba kidole, akaandika sana katika daftari lake. Kupitia kwa karani akaniambia nisikate tamaa.
Nilisema ahsante.

Alhamisi, 30 Septemba
Sikutoka nyumbani. Mwanasha kapika uji. Anajua. Ukimtoa Ami, peke yake ndiye anayejua, na kaapa hatasema.
Wakwe wameleta ujumbe kwa adabu nyingi. Halwa ya harusi wangependa ipikwe na Mzee Seif. Wasije wakamsumbua baba wa bibi harusi katika shughuli zake nyingi.

Jumamosi, 16 Oktoba
Kibali kimetoka. Miaka miwili. Ami kakibusu, kakiweka kifuani, kaenda moja kwa moja makaburini kumwambia mkewe. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, hata mwenyewe nimeshangaa.
Kisha nikasoma sharti lililo chini. Mwenye kibali atamfundisha mwenyeji kazi, naye atatuma taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi mara kwa mara. Mwanafunzi akiiva, kibali kinakoma. Mwanafunzi kaandikwa jina: Bakari. Nina miaka arobaini na mitatu.

Ijumaa, 29 Oktoba
Nimemwoza Fatuma. Alhamdulillahi.
Halwa nimepika mimi, uani, mlango nimeupiga komeo. Ami kakaa barazani akipokea sifa. Wageni walipoionja wakamwombea dua Ami Seif na mikono yake. Mkwe akaniambia kwa huruma kwamba ningekaa karibu na mzee ningejifunza. Nikamwambia inshallah.
Nilitaka kumpiga kwa sahani.

Jumatatu, 15 Novemba
Fomu ya taarifa imefika. Swali moja tu la maana: Mwanafunzi amefikia wapi? Nikaandika: Bado hajui. Nikamsogezea Ami atie sahihi yake ya Kiarabu.
Kauliza nimeandika nini. Nikamsomea.
Akaweka kalamu chini. Akasema hatii sahihi. Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamweleza tena, pole pole: ukiandika anajua, wewe unaondoka. Akasema anaelewa, yeye si mtoto. Mbele za watu aliweza kusema neno, neno ni upepo. Hii ni karatasi, na jina lake liko chini.
"Wallahi, Bakari, sijaona mkono kama wako, hapa wala Maskati. Nitaandikaje kwamba hujui?"
Miaka kumi na minne nimelisubiri neno hilo. Na limenijia siku ambayo sina budi kumsihi mzee alifute. Nikamsihi. Nikamtajia kaburi la mkewe. Nikamshika mkono, nikaitia kalamu vidoleni, nikamwambia Mungu anajua na mimi najua, yatosha. Akaandika jina lake taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, machozi yanamtoka.
Bahasha nimeipeleka posta mwenyewe kabla hajabadili nia.
Aliloniambia siwezi kumwambia mtu yeyote, hata Mwanasha, maana furaha itamshinda kuficha. Nimeliandika hapa.