Mfalme Mdogo Asiyelia

Mume wangu, baba Nasor,

Nakuandikia kutoka chumbani kwetu hapa Ibra, Omani. Ningali edani. Nikichoka kutazama ukuta mmoja nageukia mwengine.

Unamkumbuka mfalme wako wa zamani wa Japani? Habari zake ulizipata kwa yule mhandisi wa Kijapani mliyekuwa mkitengeneza naye barabara Bidbid, mkinywa chai pamoja. Basi kila ukirudi Alhamisi, mimi nachambua mchele, wewe unanilia tende zangu na kunisimulia.

Ulisema nduguye, mfalme mtoto, alitoroshwa na ukoo wa mama yake, na upanga wa ufalme wakaondoka nao. Baba yao alikwisha kufa. Babu yao akaletewa wajukuu waliobaki, achague mfalme mpya. Mmoja akamwogopa akalia, huyu wako hakulia. Akatawazwa yeye, bila ya upanga, babu na wakubwa wakatawala kwa jina lake. Alipokuwa kijana akakiacha kiti, naye akawa anatawala kwa nyuma kama babu yake. Mwisho akapigana na wenye majeshi, akashindwa, akahamishiwa kisiwani. Huko alitunga mashairi mpaka akafa.

"Maskini, kafungwa kisiwani!" nikasema.

"Aaa, bibie. Huyo alifungwa tangu siku ile aliponyamaza."

"Na mama yake alikuwa wapi?"

Ukacheka. "Wallahi sijui. Mjapani hakunambia."

Nilikununia, hadithi gani isiyo na mama? Ukanibembeleza kwa halwa.

Siku za tanzia yako alikuja kaka yako Seif kutoka Nizwa. Alimvisha Nasor kanzu mpya, akamfunga jambia lako likamfika magotini, akamkalisha mahali pako ukumbini, wanaume wampe mkono. Nilikuwa nachungulia mlangoni. Nilimwomba Mungu mwanao alie, nipate sababu ya kumwita ndani. Hakulia.

"Mashallah, rajjal huyu, mwanamume khasa!" Seif akasema. "Ndiye mwenye nyumba sasa."

Jana alisema nami, yeye nje ya pazia, mimi ndani.

"Shemegi, Ijumaa namchukua mtoto Nizwa, akue na wanaume. Eda ikisha, wewe utarudi kwa kaka zako, nyumba tutaifunga."

"Seif, ana miaka minne!"

"Khalas, shemegi. Mwenyewe karidhia. Nimemuuliza, kanyamaza."

Nami siwezi kutoka kumfuata hata mpaka kwenye gari. Nina hasira, baba Nasor, na nyingine ni juu yako wewe, kwa kuniacha.

Mama yake yule mfalme sasa namjua alikuwa wapi. Alikuwa chumbani, amefiwa, anasikia mwanawe anavyosifiwa.

Tangu asubuhi namfundisha Nasor kulia. Namwambia, ami yako akikushika mkono, piga kelele, jigaragaze chini, mng'ate. Namwonesha mimi mwenyewe. Ananitazama kwa macho yako, kimya, kisha ananipangusa machozi kwa mkono wa kanzu yake mpya.

Mungu akulaze pema.

Mkeo,
Mama Nasor